Bei Mpya, Shimo Lile Lile

Kuanzia Bukavu hadi Uvira, na ukivuka mipaka hadi Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, utasikia maoni yale yale kuhusu takataka za mji: kinachotakiwa ni mkataba na fedha za kuulipia. Mkataba ukikaribia kuisha, mwenye malori au mwenye shimo akadai kiwango cha juu zaidi, mji utie sahihi, ulipe, na barabara zibaki safi. Anayehoji anaambiwa anataka watu waishi juu ya uchafu.

Wenye maoni haya si wajinga wala si wezi, na wana sababu tatu ambazo lazima zisemwe kwa haki. Ya kwanza, mazuti yamepanda, vipuri vimepanda, tairi zimepanda, na hakuna mtu anayeweza kufanya kazi ya mwaka huu kwa bei ya miaka mitano iliyopita. Ya pili, hakuna njia nyingine iliyo tayari, na mzozo wa bei ukichukua wiki mbili tu, soko zima linanuka na kipindupindu kinapata mlango. Ya tatu, ambayo sisi wa Luvungi, katika Bonde la Ruzizi mashariki mwa Kongo, tunaisikia kwa masikio yetu, ni kwamba nje ya mji kuna ardhi pana. Bonde la Ruzizi ni kubwa, watu wanasema, kwa hiyo uchafu upelekwe huko na wenyeji watapata ajira na kodi kidogo.

Nazipinga zote tatu. Ile ya tatu nitakaa nayo muda mrefu zaidi, kwa sababu inazungumzia mashamba yetu.

Kwanza: bei imepanda, lakini tunanunua nini?

Nenda nyuma ya soko lolote la bonde hili, liwe la Luvungi, Sange au Kamanyola, uangalie lundo la taka kwa karibu kabla mbuzi hawajalichakura. Juu kuna sashe na chupa za plastiki, na hizo ndizo zinazovuta macho. Zifukue kwa jembe. Chini utakuta vijiti vya sombe, maganda ya mihogo, mashina ya lengalenga, majani ya migomba yaliyofungia mizigo, nyanya zilizopondeka, majivu ya makaa, magamba ya samaki. Lililo chini lina maji na linachemka kwa joto la kuoza. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2018 kwamba asilimia 57 ya taka za miji ya Afrika ni vitu vya kuoza namna hii. Ganda bichi la muhogo kwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji.

Sasa lipakie lundo hilo kwenye lori la tani 10. Karibu tani 6 za mzigo huo ni mabaki ya mashambani, na zaidi ya nusu ya mabaki hayo ni maji. Mji unachoma mazuti kusafirisha maji kwenye barabara mbovu, halafu lori linarudi tupu na mazuti ya kurudi yanalipwa vilevile. Bei ya mazuti ikipanda, hasara ya kusafirisha maji inapanda nayo. Kwa hiyo anayesema "vitu vimepanda" amesema kweli, ila kweli hiyo inadai tupunguze mzigo. Yeye anaitumia kudai nyongeza ya malipo.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mji unatoa tani 100 kwa siku, unalipa dola 10 kwa tani, na mkataba mpya unadai dola 15. Kwa siku, bili inatoka dola 1,000 hadi 1,500. Mji huo huo ukitenga tani 40 za maganda na majani sokoni kwenyewe, kabla hayajachanganyika na sashe, unabaki na tani 60 za kusafirisha. Kwa bei mpya hiyo hiyo ya dola 15, utalipa dola 900. Umelipa pungufu kuliko ulivyolipa kwa bei ya zamani, na una dola 100 kila siku za kuwalipa akina mama wanaofagia soko ili watenge. Hesabu hii anaiweza mtoto wa darasa la tano. Kinachoizuia isiingie kwenye mazungumzo ya mkataba ni namna mkataba wenyewe unavyoandikwa: mkandarasi analipwa kwa tani au kwa safari, kwa hiyo kila ganda lisilopanda lori ni fedha iliyomtoka mfukoni. Umemwajiri mtu ambaye faida yake ni taka kuongezeka, kisha unamwomba akusaidie zipungue.

Lakini Ulaya bei ya juu ilisaidia

Hoja hii huletwa na waliosoma, na inastahili jibu. Ni kweli kwamba Uingereza ilianzisha kodi ya kuzika taka mwezi wa Oktoba 1996 kwa pauni 7 kwa tani, ikaipandisha hatua kwa hatua, na mwaka 2024 ilikuwa imepita pauni 103. Taka zinazozikwa zilipungua sana. Basi mtu anauliza: kwa nini bei ya juu iwe dawa kwao na sumu kwetu?

Angalia fedha inakwenda wapi. Ile ni kodi. Inaingia hazina ya serikali, na mwenye shimo hapati hata senti. Anayelipa ni yule anayeleta taka, na alijua miaka mingi kabla kwamba mwakani italipwa zaidi, kwa hiyo akatafuta njia ya kutoleta. Huku kwetu nyongeza inakwenda kwa yule anayezika. Anayelipa ni mji, na mji unakusanya kwa muuza nyanya mwenye beseni moja kiasi kile kile anachotoa kila siku, awe ametenga taka zake au amezitupa mferejini. Mama huyo hana namna yoyote ya kulipa kidogo kwa kuchafua kidogo. Ukichukua bei ya Uingereza ukaacha mpango wake, umechukua maumivu ukaacha matibabu.

Pili: "hakuna njia nyingine"

Kauli hii ingekuwa na uzito kama njia nyingine zingejaribiwa zikashindwa. Dar es Salaam, katika Manispaa ya Kinondoni, kuna kiwanda cha mboji pale Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na mji wa Hamburg wa Ujerumani, kinachopokea taka za masokoni. Si muujiza, ni mashine chache, sakafu ya saruji na watu wa kugeuza malundo. Na kwetu hata hiyo saruji inaweza kusubiri. Bonde hili linalima mpunga, mahindi, mihogo, vitunguu na nyanya. Mkulima ananunua mbolea ya chumvichumvi iliyovuka mpaka, kwa dola, huku kilomita moja kutoka shambani kwake mboji inaoza pamoja na chupa. Mji unalipa ili rutuba iondoke, na mkulima analipa ili rutuba iingie. Malipo yote mawili yanatoka katika jamii moja, mara nyingi katika nyumba moja.

Na kuhusu plastiki, ambayo kweli haiozi, Leta lilishatoa amri. Tarehe 30 Desemba 2017 serikali ya Kongo ilitia sahihi dekri inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki. Rwanda ilikataza mifuko mwaka 2008, Kenya mwezi wa Agosti 2017, na Tanzania bara mwezi wa Juni 2019. Sashe zinazoziba mifereji yetu ni bidhaa ambayo kisheria haipaswi kuwa sokoni. Mamlaka inayodai haina fedha za kutosha kuzika sashe ndiyo yenye wajibu wa kuzizuia zisiingie, na kuzizuia mpakani ni rahisi kuliko kuziokota moja moja ndani ya mashamba ya mpunga. Badala yake, mwenye duka anaingiza mzigo wake, analipa ushuru wake, na gharama ya kuuzika mzigo huo inamwangukia mwingine.

Tatu: "bonde ni tupu"

Anayesema bonde ni tupu amelipita akiwa ndani ya gari. Luvungi iko katika sheferi ya Wafuliiru, kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Sange. Hakuna kipande cha ardhi hapa kisicho na mtu anayekilima, anayekilishia ng'ombe au anayekidai kwa urithi. Damu imemwagika katika bonde hili kwa ajili ya viwanja na malisho. Kusema ardhi fulani ni tupu kwa sababu haina nyumba ya matofali ni kuwanyang'anya watu kabla hata lori la kwanza halijafika.

Halafu kuna maji. Mashamba ya bonde yanaishi kwa mifereji inayochota mito inayoshuka milimani upande wa magharibi, na maji yanayobaki yanaendelea mashariki hadi mto Ruzizi. Msimu wa mvua, mkulima akifungua mfereji wake jambo la kwanza ni kuinama na kung'oa sashe kwenye mlango wa maji kwa mkono: nyeusi, za buluu, zilizojaa matope, zimejisokota na nyasi hadi zimekuwa kama kamba. Asipozing'oa, maji yanapanda ukuta wa tope na kuuvunja, na shamba la jirani linazama. Huo ni uchafu wa vijiji vyetu tu, kabla ya kuletewa wa mji.

Shimo la taka nalo lina maji yake. Mvua ikinyesha juu ya taka, inachuruzika hadi chini ikiwa nyeusi, imebeba asidi za kuoza, metali za betri na vimelea. Shimo lililojengwa vizuri lina tandiko la kuzuia maji hayo na bwawa la kuyasafisha. Shimo lisilo na tandiko linayaachia ardhini. Yakiachwa Luvungi, yatakwenda Ruzizi, na Ruzizi inamwaga maji yake kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, mlangoni mwa Uvira. Mji wa Uvira ungelipa malori kubeba uchafu zaidi ya kilomita 60 kuelekea kaskazini, na mto ungeurudisha kusini bila kudai franga. Uvira ni mji ambao kipindupindu hakijawahi kuuacha kwa muda mrefu, na maelfu ya watu wake bado wanachota ziwani mabomba yanapokauka. Anayetetea mpango huo kwa jina la afya ya Uvira hajaangalia mto unaelekea wapi.

Na wala hatuhitaji kukisia kama Ruzizi hubeba takataka. Juu, pale mto unapotoka Ziwa Kivu mjini Bukavu, liko bwawa la umeme la Ruzizi ya Kwanza lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Uchafu unaotupwa kwenye mitaro ya Bukavu unashuka ziwani, unasukumwa hadi bwawani, na kuziba mitambo. Wafanyakazi wa SNEL, shirika la umeme la taifa, wamekuwa wakizoa chupa na sashe mbele ya mitambo ili umeme usikatike, na mara kadhaa umekatika. Gharama ya saa hizo za giza haimo katika mkataba wowote wa taka. Kinu kinalala, mshonaji anakaa bure, na hakuna anayeiita gharama hiyo kwa jina lake.

Historia ya majirani zetu inaonyesha vizuri "nje ya mji" ni wapi. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa sababu ya jaa lililowavutisha moshi na kuwajaza nzi, na wakashinda. Jiji halikuondoka haraka. Liliomba muda, likaomba tena. Lilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991, nao wakashinda. Taka zikaelekea Vingunguti, baadaye Mtoni, baadaye Pugu Kinyamwezi. Kila mahali palikuwa pembezoni siku ya kwanza, na kila mahali pakaja kuwa mtaa wa watu. Katika safari hiyo yote, kilichobadilika ni jina la kijiji.

Ethiopia ililipa kwa uhai wa watu. Mwaka 2016 Addis Ababa ilifungua jaa jipya la kisasa huko Sendafa, katika ardhi ya wakulima wa Oromia. Wakulima hawakuridhika na namna walivyoshirikishwa wala na walicholipwa, wakalikataa, na ndani ya miezi michache jaa likafungwa. Malori yakarudi kwenye lundo la zamani la Koshe, lililokuwa limeshajaa. Tarehe 11 Machi 2017 Koshe iliporomoka na kuua watu zaidi ya 110 waliokuwa wakiishi kando yake. Wapo wanaosoma kisa hiki na kuwalaumu wakulima. Mimi nasoma hivi: jaa lililopangwa bila ridhaa ya wenyeji haliwezi kudumu, hata likijengwa kwa fedha nyingi, na siku linapokwama anayekufa ni maskini wa jaa la zamani.

Kampala nayo ilifungua jaa la Kiteezi mwaka 1996. Lilijaa, likajulikana limejaa, likaendelea kupokea. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua, mlima wa taka uliangukia nyumba na watu zaidi ya 30 wakafa. Mwezi uliofuata Rais Museveni aliwafukuza kazi wakuu wa mamlaka ya jiji. Dandora ya Nairobi ilianza mwaka 1975, ikatangazwa imejaa mwaka 2001, na malori hayakuacha kwenda. Katika visa hivi vyote kulikuwa na bajeti, kulikuwa na malori. Ambacho hakikufanyika ni kulifunga shimo lilipojaa. Kila tani inayoingia inaongeza deni la kulifunga, na mkataba unaolipia kuingiza tu unawaachia deni hilo watoto wa kijiji cha karibu.

Wafadhili je?

Husemwa kwamba mji ukishindwa kulipa, wafadhili watajazia. Kinshasa ilijaziwa. Umoja wa Ulaya uligharimia mpango uliojulikana kama PARAU, ukaweka vituo vya kukusanyia taka, malori, na jaa la Mpasa upande wa mashariki wa jiji. Msaada ulipofika mwisho mwaka 2015, jiji halikuwa na mapato ya kuendesha mfumo ule, na vituo vikafurika. Mfumo uliotegemea safari za malori ulikwama mlipaji alipoondoka. Kama ingejengwa tabia ya kutenga masokoni, sehemu kubwa ya taka isingehitaji safari hata moja, na sehemu hiyo ingesalimika.

"Watu wetu ni wachafu"

Hili husemwa mwishoni, hoja nyingine zinapokwisha. Watu wale wale wanaamka kwa salongo, kazi ya pamoja ya usafi, wanafagia mbele ya nyumba zao, wanazibua mitaro. Wakimaliza, lundo la salongo linakaa kando ya njia siku nyingi hadi mvua ilirudishe mtaroni, kwa sababu hakuna aliyepangiwa kulichukua. Uvira ilipofurikwa na mto Mulongwe usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, watu walizoa tope kwa sahani na mabeseni. Wanaofanya kazi hiyo hawana haja ya kufundishwa usafi. Wanahitaji mahali pa kuweka walichokizoa.

Mkataba ambao ningeukubali

Sikatai malori. Plastiki, vioo, betri na taka za hospitali lazima ziende mahali palipojengwa kwa ajili yake, na kazi hiyo ina gharama inayopaswa kulipwa bila kucheleweshwa. Ninachokataa ni sahihi juu ya bei mpya ikiwa karatasi iliyobaki ni ile ile. Mkandarasi alipwe kwa masoko na mitaro iliyokutwa safi siku ya ukaguzi, na idadi ya tani ishuke kila mwaka kwa kiwango kilichoandikwa. Maganda na majani yasipande lori kamwe. Sehemu ya kila malipo iwekwe akiba benki kwa ajili ya kulifunga shimo, katika akaunti ambayo mji hauwezi kuigusa peke yake. Kijiji kinachopokea kiwe mmoja wa watia sahihi, chenye haki ya kufunga lango maji ya visima yakipimwa na kukutwa yameharibika.

Haya si maombi ya hisani. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira salama na wajibu wa kuyatetea. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa athari kabla ya mradi wa namna hii, na wananchi waulizwe. Kuulizwa kwa karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi huko mjini hakutoshi. Mkataba usomwe Luvungi siku ya soko, kwa Kiswahili na kwa Kifuliiru, kipengele kwa kipengele, ramani ya mifereji ikiwa mezani. Wenye mashamba na wenye ng'ombe waulize wanachotaka kuuliza, na majibu watakayopewa yaandikwe ndani ya mkataba kabla ya mtu yeyote kuusaini.